Modeli moja, mahandaki mawili ya upepo, majibu mawili ya ukinzani

Modeli ya ndege ya abiria yenye injini mbili inapimwa kwenye handaki la upepo ambalo chumba chake cha majaribio kimefungwa, yaani kina sakafu, dari na kuta mbili. Kisha inapelekwa kwenye handaki la mkondo wazi, ambako hewa hutoka kwenye mdomo, hupita kwenye modeli bila kuta zozote pembeni, na kupokewa na faneli upande wa pili. Modeli ni ile ile na kasi ni ile ile. Kizigeu cha ukinzani, CD, kikichorwa dhidi ya kizigeu cha nguvu ya kuinua, CL, mikunjo miwili inakatana kwenye CL 0.34, na hapo majibu yanalingana kabisa. Kwenye CL 0, handaki lililofungwa limetoa ukinzani ulio juu kwa pointi 30 (pointi moja ni 0.0001 ya CD). Kwenye CL 0.5 limetoa ulio chini kwa pointi 29, na kwenye CL 1.0 ulio chini kwa pointi 180. Hizo pointi 180 ni karibu robo ya ukinzani wote wa ndege hii katika hali hiyo.

Hatari kubwa iko kwenye ile 0.34. Mtu akilinganisha mahandaki haya mawili kwa kipimo kimoja tu cha katikati, ataandika kwamba yanakubaliana, na atakuwa amekosea mara mbili: makosa yapo kwenye kila handaki, ila pale yamefutana. Ndiyo maana kisa hiki kinachambuliwa kwa umbo la tofauti nzima. Kila chanzo cha kuingiliwa, yaani athari ya handaki kwenye kipimo, huacha alama yake kwenye mkunjo: vingine huongeza kiasi kisichobadilika, vingine hukua sambamba na CL, vingine hukua na mraba wa CL (CL²), na kimoja hulala kimya hadi hewa inapoanza kubanduka bawani. Umbo likishajulikana, mshukiwa naye hujulikana kabla ya kugusa fomula yoyote.

Vipimo vya modeli vimechaguliwa ili kila hesabu iweze kurudiwa kwa kikokotoo. Upana wa mabawa, ncha hadi ncha, ni mita 2.1. Eneo la mabawa, S, ni mita za mraba 0.49, kwa hiyo uwiano wa mabawa (mraba wa upana kwa eneo) ni 9 na kina cha wastani cha bawa, mbele hadi nyuma, ni mita 0.233. Kiwiliwili kina urefu wa mita 2.1 na kipenyo cha mita 0.25. Ujazo wa modeli nzima ni karibu mita za ujazo 0.09. Chumba kilichofungwa kina upana wa mita 3.0 na kimo cha mita 2.1, hivyo eneo la mkato wake, C, ni mita za mraba 6.3. Mdomo wa mkondo wazi ni duara la kipenyo cha mita 3.0, eneo mita za mraba 7.07. Kasi ni mita 60 kwa sekunde, shinikizo la mwendo, q, ni karibu paskali 2,205, na namba ya Reynolds (uwiano wa nguvu za mwendo wa hewa na za unato wake) kwa kina cha bawa ni karibu 930,000.

Zidisha q kwa S upate nyutoni 1,080; kizigeu chochote kikizidishwa kwa hizo hutoa nguvu yenyewe. Kwenye CL 1.0 mizani, kifaa kinachoshika modeli na kupima nguvu zake, inabeba nyutoni 1,080 za kuinua, uzito wa kilo 110 hivi, na wakati huo huo inatakiwa ihisi pointi moja ya ukinzani, ambayo ni nyutoni 0.108, uzito wa gramu 11. Anayejadili pointi za ukinzani asiache kukumbuka uwiano huo.

Kabla ya kulaumu kuta, kuna jambo moja la kuondoa njiani. Kwa namba ya Reynolds ya 930,000, hewa juu ya bawa inaweza kutiririka kwa utulivu hadi mbali, na mahali inapovurugika hutegemea msukosuko wa hewa ya handaki lenyewe. Mahandaki mawili yenye msukosuko tofauti yatatoa ukinzani tofauti hata kama kuta zao hazina athari yoyote. Kwa hiyo utepe mwembamba wa chembechembe unabandikwa kwenye asilimia 7 ya kina cha bawa, juu na chini, na kwenye pua ya kiwiliwili, na haubadilishwi modeli inapohama. Katika kisa hiki utepe ulikuwa mahali pake katika mahandaki yote mawili, hivyo tofauti inatafutwa kwingine.

Dalili ya kwanza ilikuwa kwenye data ghafi ya handaki lililofungwa. Chora CD dhidi ya CL², upate mstari ulionyooka. Mteremko wake ni 1 ÷ (π × 9 × e), ambapo e ni kipimo cha ufanisi wa bawa katika kubeba uzito. Handaki lililofungwa lilitoa e ya 1.02. Bawa la bapa lenye mgawanyo bora kabisa wa nguvu haliwezi kupita 1, na ndege kamili yenye kiwiliwili na injini hukaa chini ya hapo, kwa sababu ukinzani wa msuguano nao hupanda CL inapopanda. Mkondo wazi ulitoa e ya 0.67, ambayo ni duni mno kwa bawa la aina hii. Thamani moja haiwezekani, nyingine haisadikiki, na ukweli uko katikati. Ukaguzi huu unachukua dakika tano na unapaswa kufanywa siku hiyo hiyo ya jaribio, modeli ikiwa bado imefungwa kwenye nguzo.

Chanzo cha makosa hayo kilielezwa na mwanasayansi Ludwig Prandtl huko Göttingen, Ujerumani, zaidi ya karne moja iliyopita, na Hermann Glauert akakusanya nadharia nzima mwaka 1933. Bawa linaloinua huacha nyuma yake hewa inayozunguka kutoka kwenye ncha zote mbili, na mizunguko hiyo husukuma hewa chini. Angani hakuna kinachoizuia. Ndani ya chumba kilichofungwa, hewa haiwezi kupenya sakafu wala dari, kwa hiyo ule mteremko wa hewa kwenda chini hupungua. Kihesabu, kila ukuta hubadilishwa na taswira ya modeli upande wa pili, kama kwenye kioo, na taswira hizo kwa pamoja huleta upepo mdogo wa kwenda juu pale bawa lilipo. Bawa linajiona liko kwenye pembe kubwa kuliko iliyosomwa kwenye kipimo, na nguvu yake ya kuinua inaegemea mbele kuliko inavyostahili. Mkondo wazi hufanya kinyume: ukingo wa mkondo hauwezi kubeba tofauti ya shinikizo, unapinda, na hewa inashuka kupita kiasi.

Masahihisho yenyewe ni mafupi. Pembe huongezwa δ × (S ÷ C) × CL, kwa radiani, na CD huongezwa δ × (S ÷ C) × CL². Herufi δ hutegemea umbo la chumba. Kwa duara lililofungwa ni 0.125, na kwa duara la mkondo wazi ni −0.125. Kwa mraba uliofungwa ni 0.137. Kwa mstatili ambao kimo ni sehemu 0.7 ya upana, kama hiki cha kwetu, ni karibu 0.12, na umbo hilo liko karibu na thamani ndogo kuliko zote kwa mistatili. Ndiyo sababu vyumba vingi vya majaribio vina uwiano wa 7 kwa 10.

Kwa handaki lililofungwa: 0.12 × 0.49 ÷ 6.3 ni 0.0093. Kwa hiyo kwenye CL 1.0 pembe inaongezwa nyuzi 0.53 na ukinzani unaongezwa pointi 93. Kwa mkondo wazi: −0.125 × 0.49 ÷ 7.07 ni −0.0087, yaani pembe inapunguzwa nyuzi 0.50 na ukinzani unapunguzwa pointi 87. Jumla ya pengo ni pointi 180, na karibu mgogoro wote wa CL 1.0 umeelezwa. Miteremko ya nguvu ya kuinua nayo inaingia mahali pake: 0.093 kwa nyuzi moja kwenye handaki lililofungwa na 0.084 kwenye mkondo wazi, zote mbili zinarudi karibu na 0.088.

Kosa linaloharibu kazi hapa ni la alama. Programu iliyoandikwa kwa chumba kilichofungwa ikitumiwa kwenye mkondo wazi bila kugeuza alama ya δ, kosa la pointi 87 linakuwa pointi 174, na mkunjo unabaki laini na wenye sura nzuri. Kosa la pili ni kusahihisha CD na kusahau pembe, au kinyume chake. Mambo hayo mawili ni kitu kimoja kinachotazamwa kutoka pande mbili, na hayatenganishwi.

Toa sasa sehemu inayokua na CL² kwenye tofauti ya mikunjo. Kinachobaki ni mstari unaoshuka pointi 26 kwa kila CL moja, na kiasi kisichobadilika cha pointi 30. Mstari unaokua sambamba na CL una mshukiwa mmoja mkuu: upepo wa chumba hauendi sambamba na mhimili wa mizani. Upepo ukiinuka nyuzi 0.15, nguvu ya kuinua inaegemea mbele kwa radiani 0.0026, na kipande hicho kinasomwa kama ukinzani uliopungua. Kwenye CL 0.5 ni pointi 13, na kwenye CL 1.0 ni pointi 26. Nyuzi 0.15 hazionekani kwa jicho la mtu yeyote, na nyuzi ambazo hazikuonekana hulipwa kwa pointi ambazo wateja huzibishania kwa miezi.

Namna ya kuupata mwinuko huo ni kupima modeli ikiwa imesimama kawaida, kisha ikiwa imepinduliwa tumbo juu, na kuchora CL dhidi ya pembe kwa zote mbili. Umbali kati ya mikunjo, ukisomwa kwa pembe, ni mara mbili ya mwinuko wa upepo. Hapa umbali huo ulikuwa nyuzi 0.30. Sharti ni kwamba nguzo ziwe zimelingana katika hali zote mbili, la sivyo utapima tofauti ya nguzo na kuiita upepo.

Na hapo ndipo jambo la nguzo linapoingia, ambalo kwa maoni yetu ndilo linalopuuzwa kuliko yote. Kwenye handaki lililofungwa modeli ilishikwa na nguzo tatu, mbili chini ya mabawa na moja chini ya mkia, kila moja ikiwa na ganda la kuikinga upepo hadi karibu na modeli. Kwenye mkondo wazi ilishikwa na fimbo moja iliyoingia kwa nyuma ya kiwiliwili, na shinikizo la ndani ya uwazi wa nyuma lilipimwa na kusahihishwa. Wapimaji wa handaki lililofungwa waliondoa modeli, wakapima nguzo peke yake, wakapata pointi 40, wakazitoa. Hicho ni nusu ya kinachotakiwa. Nguzo ikikutana na bawa, pembe ya maungio huvuruga hewa upande wa chini wa bawa, na uharibifu huo haupo nguzo inaposimama peke yake.

Utaratibu kamili una vipimo vinne. Kwanza, modeli kawaida, nguzo chini. Pili, modeli kawaida, na nguzo bandia zinazofanana nazo zimening’inia kutoka darini hadi mgongoni mwa modeli. Tatu, modeli imepinduliwa, nguzo halisi zikishika mgongo. Nne, modeli imepinduliwa na nguzo bandia zikigusa tumbo lililoelekea dari. Kipimo cha nne ukitoa cha tatu ndicho kiasi halisi cha nguzo za tumboni, yaani ukinzani wa nguzo zenyewe pamoja na uharibifu wa maungio, na hicho ndicho kinachotolewa kwenye kipimo cha kwanza. Kipimo cha pili na cha nne, ambavyo vyote vina nguzo pande mbili, ndivyo vinavyolinganishwa kutafuta mwinuko wa upepo. Ncha ya nguzo bandia lazima ifungwe kwenye modeli ili mizani iihisi, lakini ganda lake lifungwe darini na lisiguse ncha hiyo kabisa. Pengo la milimita 3 hadi 5 linatosha. Likigusa, mizani itabeba sehemu ya dari, na dalili yake ni usomaji wa sifuri usiorudi mahali pake upepo unapozimwa.

Katika kisa hiki njia hiyo ilitoa pointi 52 badala ya 40. Pointi 12 kati ya zile 30 zimepatikana.

Pointi nyingine 15 zimetoka kwenye shinikizo tuli linalobadilika kando ya chumba. Tabaka mpaka, yaani safu ya hewa iliyopungua kasi kando ya ukuta, hunenepa kwenye kuta kadiri hewa inavyosonga mbele, njia inakuwa nyembamba, kasi inapanda na shinikizo linashuka. Modeli inavutwa kuelekea nyuma kwa nguvu iliyo sawa na mteremko wa shinikizo mara ujazo wake. Kwenye chumba kilichofungwa shinikizo lilishuka paskali 12 kwa kila mita. Zidisha kwa 0.09 upate nyutoni 1.08, ambazo ni pointi 10 za ukinzani wa uongo. Kwenye mkondo wazi, faneli ya kupokea hewa iliinua shinikizo paskali 6 kwa kila mita, na modeli ikasukumwa mbele kwa pointi 5. Mteremko huu hupimwa chumba kikiwa kitupu, kwa bomba refu lenye matundu ya shinikizo lililolazwa kwenye mhimili. Vyumba vingi hutanuliwa kidogo kuelekea nyuma ili kuufuta, lakini utanuzi huo ni sahihi kwa kasi fulani tu.

Pointi 3 za mwisho ni za mzibo. Modeli inachukua nafasi, hewa inalazimika kupita kwa kasi zaidi kati yake na kuta, na q halisi ni kubwa kuliko iliyosomwa. Kwa ujazo wa modeli hii ongezeko la kasi ni karibu 0.005, na hewa iliyopungua kasi nyuma yake inaongeza S ÷ (4C) × CD, yaani 0.0006. Jumla ni 0.0056, na q inapanda asilimia 1.1. Njia ya haraka ya kuhakiki ni kugawa eneo la mbele la modeli kwa eneo la chumba na kuchukua robo yake: mita za mraba 0.11 kwa 6.3 ni asilimia 1.8, robo yake 0.0044. Hesabu mbili zikiwa karibu hivyo, unaendelea. Kwenye mkondo wazi athari hii ina alama ya kinyume na ni ndogo zaidi, hivyo imeachwa. Mzibo mdogo namna hii haukubaliki kwenye kasi za karibu na sauti: mzibo wa asilimia 1 unatosha kukaba njia ya hewa kwenye Mach 0.89 hivi (sehemu 0.89 ya kasi ya sauti), na hilo ndilo lililosukuma wahandisi wa kituo cha utafiti wa ndege cha Langley, Marekani, kutengeneza kuta zenye mianya, kazi iliyompatia mhandisi John Stack na wenzake tuzo ya Collier, tuzo ya Marekani ya mafanikio ya urubani, ya mwaka 1951.

Mkia una hesabu yake. Upepo wa kwenda juu unaoletwa na kuta hukua kuelekea nyuma, kwa hiyo mkia unaupata mwingi kuliko bawa. Mkia ukiwa mita 1.05 nyuma ya bawa, ziada hiyo ni karibu sehemu 0.65 ya ile ya bawani, yaani nyuzi 0.35 kwa CL moja. Mkia unainua kupita kiasi kadiri CL inavyopanda, pua inasukumwa chini, na ndege inaonekana thabiti kuliko ilivyo. Kwa mkia wenye kizigeu cha ujazo (eneo la mkia mara umbali wake, kwa eneo la bawa mara kina chake) cha 1.0 na mteremko wa 0.065 kwa nyuzi, kosa ni 0.023 kwa CL moja, sawa na asilimia 2.3 ya kina cha bawa kwenye akiba ya uthabiti, yaani umbali ambao kitovu cha uzito kinaweza kurudi nyuma kabla ndege haijapoteza uthabiti. Hilo ni kosa la upande wa hatari, maana mpangaji wa mizigo atapewa nafasi ya nyuma ambayo ndege haina. Ili kulisahihisha ni lazima modeli ipimwe bila mkia, kisha na mkia kwenye pembe mbili tofauti, ili nguvu ya mkia kwa kila nyuzi ijulikane. Bila mkia, mahandaki yote mawili yalikubaliana kuhusu mteremko wa kani ya kuinamisha pua. Mkia uliporudishwa, tofauti ikarudi nao. Huo ni ushahidi wa kutosha kwamba bawa halina kosa.

Mpangilio wa kazi una maana. Uzito wa modeli na usomaji wa sifuri hutolewa kwanza, kisha nguzo, kisha mteremko wa shinikizo, kisha mzibo ili q iwe sahihi na vizigeu vihesabiwe upya, halafu mwinuko wa upepo, kisha kuta, na mwisho mkia. Ukisahihisha kuta kwa CL ambayo bado ina q ya makosa, kosa hilo linaingia mara mbili kwenye CL². Baada ya hatua zote, mikunjo ya mahandaki mawili ilikaa ndani ya pointi 5 kutoka CL 0 hadi CL 0.9, na e ikatulia kwenye 0.80 pande zote mbili.

Juu ya CL 0.9 makubaliano yanavunjika, na hapo hesabu haziokoi. Hewa ikishabanduka bawani, mzibo wa hewa iliyovurugika hukua haraka. Kwa kanuni ya mtafiti Maskell ya mwaka 1963, ongezeko la kasi ni 5S ÷ (4C) mara ukinzani wa kubanduka peke yake. Kwa ukinzani wa kubanduka wa 0.10 ongezeko la kasi ni 0.0097, na q iko juu kwa asilimia 3 badala ya 1.1. Hilo linasahihishika. Lisilosahihishika ni kwamba mabawa ya mita 2.1 ndani ya chumba cha mita 3.0 yana ncha zilizo karibu na kuta, ambako upepo wa kwenda juu ni mkubwa kuliko katikati. Ncha zinabeba zaidi na kubanduka mapema, kana kwamba bawa limesokotwa. Fomula huchukulia pembe moja ya wastani kwa bawa zima, na haiwezi kurudisha hewa iliyokwisha kubanduka. Upana wa modeli wa sehemu 0.8 ya chumba ndio ukomo unaotajwa kwa kawaida. Kwa jaribio ambalo lengo lake ni CL ya juu kabisa, 0.7 hii tayari ni kubwa, na modeli ya mita 1.8 ingefaa zaidi hata kama namba ya Reynolds ingeshuka. Ripoti ya kisa hiki ilichapisha data ya juu ya CL 0.9 kwa mstari wa vitone, ikiwa na safu za data ghafi na za masahihisho kando kando, ili mwingine mwenye δ bora azihesabu upya.